Bibi Hafungi Mdomo

Wiki ya sita tangu mchezo wao wa kompyuta utoke, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani, na bado kulikuwa na maoni mia nne na kumi na saba ya wachezaji ambayo alikuwa hajayagusa. Na hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi tu.

Ofisini walimwita Koma. Jina lilimganda mwaka wa kwanza, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti cha mtu, kuinama kidogo na kusema, "Hapo weka koma." Mama yake alipolisikia mara ya kwanza, mfanyakazi mwenzake akimwita kwa mbali wakati wanaongea kwenye simu, alikuja juu. "Wanakuambia ukome? Umewafanya nini?" Ilibidi amweleze mara mbili, na hata baada ya kuelezwa mama hakulipenda.

Koma ndiye aliyeuandika ule mchezo. Si picha, si mashine zilizouendesha, maneno. Miaka minne aliandika kila kilichosemwa ndani ya *Mnara wa Saba*: askari wa anga anaamka peke yake kwenye kituo cha wachimba madini, mbali huko kwenye mwezi usio na hewa, roboti zimeasi, taa zinakufa moja moja, na mchezaji inabidi apigane, aokote silaha, ajiongezee ujuzi, apande sakafu hadi sakafu mpaka kileleni. Mchezo ulipotoka, hakukuwa tena na cha kuandika. Basi wakampa kazi ya kusoma. Kila alichoandika mchezaji, popote alipokiandikia, kilidondoka kwenye skrini yake, naye akakipanga: hitilafu huku, mapigano huku, hadithi huku, na mengineyo. Awali kulikuwa na fungu la tano, la matusi, lakini lilikuwa linajaa upesi mno wakalifuta.

Akavuta kiti, akaanza.

"Bunduki safi, roboti safi, mwanga safi. Tatizo ni begi. Nani aliwaambia askari wa anga anabeba vitu kumi na viwili tu? Hata mimi nikienda sokoni nabeba zaidi." Mapigano. Au mengineyo? Akaweka mapigano.

"Lifti ya sakafu ya tano imenimeza na saa tisa za kazi yangu. Nirudishieni." Hitilafu.

"Bosi wa tatu ni mateso matupu. Nimekufa mara thelathini na nane. Mke wangu anahesabu."

"Mchezo mzuri wenye bibi mbaya."

"Naomba kitufe kimoja tu duniani: cha kumnyamazisha bibi."

"Nyota mbili. Moja ya mchezo, moja ya kumsomesha bibi shule ya kunyamaza."

"Bibi hafungi mdomo. Napigwa na roboti sita, yeye ananiuliza kama nimekula."

Yote hayo aliyatia kwenye fungu la hadithi, akainuka kwenda kuchemsha maji, akakuta birika limeungua kitako. Akarudi na kikombe kitupu, akakiweka mezani hivyo hivyo.

Bibi wa Mnara alikuwa sauti tu. Hakuonekana popote mchezoni. Alikuwa mpokea simu mzee aliyejifungia kwenye chumba cha mawasiliano kileleni, na tangu askari anaamka mpaka anafika juu, ndiye anayemwelekeza kwenye redio: geuka kushoto mwanangu, hapo pana gesi, usiiamini hiyo milango. Ofisi nzima ilikuwa na watu kumi na mmoja, na pesa za waigizaji ziliishia kwenye sauti nne. Ya tano, ya bibi, ilibaki haina mtu. Hapo ndipo Koma aliposema, "Mama yangu alipokea simu hospitali kubwa miaka thelathini na moja. Haigizi. Anaongea."

Kweli, mama hakuigiza. Walirekodi chumbani kwake, kwenye nyumba anayoishi na dada yake Koma, yule mshonaji. Walitundika mablanketi dirishani na kwenye kabati ili sauti isirudi, fundi sauti, binti wa pale ofisini, akakaa sakafuni na mashine yake, na mama akakaa kitandani amenyoosha mgongo kama yuko kazini, amevaa hadi viatu. Alisoma mistari mia sita na kitu kwa siku nane. Alipokosea alisema "samahani, rudia namba," akacheka mwenyewe.

Siku ya mwisho kilitokea kitu. Mama alikuwa amemaliza, ameshika glasi ya maji. Fundi sauti alikuwa ametoka kwenda msalani. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka, lakini mama alikuwa ameipa mgongo. Akaanza kuongea, si kwa Koma aliyekuwa mlangoni, si kwa mtu hasa.

"Unajua miaka yote ile, kila simu ikiingia, kabla mtu hajasema neno, nilikuwa nasikiliza kwanza pumzi. Pumzi zake nazijua. Watu wote wale, usiku na mchana, wenye wagonjwa, wenye maiti. Sikuzisikia hata siku moja."

Koma alikuwa na miaka sita baba alipoondoka, na dada yake kumi. Alitoka asubuhi kama anayekwenda kazini, hakurudi, na nyumbani mwao jambo hilo halikuwahi kupewa jina. Hawakuulizana. Siku ile, kati ya yale mablanketi, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na miwili mama kumtaja mumewe, na hata hivyo hakumtaja. Mama akanywa maji yake, akavua viatu, akauliza kama huyo binti wa mashine atakula.

Baadaye, akisikiliza rekodi ofisini, Koma alizikuta zile sentensi zimekaa humo, safi, hazina mkwaruzo. Akazisikiliza mara nyingi. Kisha akazikata kutoka mwisho wa rekodi, akaziweka sakafu ya kumi na moja, pale askari anapopumzika kabla ya mlango wa kileleni. Hakumwambia mama. Alijiambia atamwambia. Kazi zikamsonga, mwaka ukakatika.

Na sasa, katika maelfu ya maoni, karibu wote walimchoka bibi, na karibu wote waliofika sakafu ya kumi na moja waliupenda mstari ule.

"Nilimchukia bibi sakafu kumi. Halafu akasema lile neno la pumzi. Nikaweka padi ya kuchezea chini."

"Nani aliandika ule mstari? Apewe likizo na mshahara."

"Nimempigia mama simu baada ya sakafu ya kumi na moja. Tulikuwa hatuongei."

Hayo nayo aliyatia kwenye fungu la hadithi. Kila alipofanya hivyo alihisi kama mtu anayesaini barua isiyo yake.

Alhamisi mchana mkurugenzi alimwita. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye duara nyeusi chini ya macho kama wao wote, na meza yake ilikuwa imeshikiliwa mguu mmoja kwa gundi ya karatasi.

"Kaa, Koma. Nimesoma muhtasari wako. Bibi anatuua."

"Najua."

"Si kosa la mama yako. Nataka ulielewe hilo. Lakini wakifika sakafu ya nne, mmoja kati ya watatu anauacha mchezo, na wakiandika sababu wanaandika bibi." Akasukuma karatasi. "Toleo jipya linatoka baada ya wiki tatu. Nimeongea na mwigizaji, msichana, sauti yake ya haraka haraka, nyepesi. Arekodi upya yote. Isipokuwa ule wa pumzi."

"Isipokuwa?"

"Ule unabaki na sauti ya mama. Na tunautumia kwenye tangazo. Skrini nyeusi, sauti peke yake, halafu jina la mchezo. Watu elfu moja na mia mbili wameutaja, Koma. Elfu moja na mia mbili! Hivi uliutoa wapi?"

Koma aliangalia ule mguu wa meza. "Ulikuja tu," akasema.

"Basi uje na mwingine." Mkurugenzi akatabasamu, kisha akajifikicha macho. "Mwambie mama mwenyewe. Asije akasikia barabarani."

Jumamosi asubuhi alikwenda. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalipangika vizuri mpaka alipofika getini, yakatawanyika. Dada yake alimfungulia akiwa na pini tatu mdomoni. Alimwangalia kutoka juu hadi chini, akazitoa pini.

"Mbona umekwisha hivyo? Hulali?"

"Nalala."

"Unalala wapi, kwenye lori? Ingia. Mama anakusubiri."

"Nani kamwambia nakuja?"

"Hakuna. Anakusubiri tangu Jumanne."

Mama alikuwa mezani. Mbele yake kulikuwa na simu ya dada, lenzi ya kukuzia maandishi, na daftari la kurasa tisini na sita, la mistari, limejaa zaidi ya nusu. Alimpokea mwanawe kama kawaida, akamuuliza habari za kazi kama kawaida, kisha akafungua daftari ukurasa wa kwanza.

"Nimesoma watu mia tatu na arobaini," akasema. "Mwanzoni dada yako alikuwa ananisomea, nikamwona anaruka. Msomaji anayeruka namjua. Nikamwambia lete hiyo simu nisome mwenyewe."

Koma alimgeukia dada yake. Dada akainua mabega. "Alinikamata kwenye la tatu. Yule aliyesema bibi atupwe nje ya mnara bila kofia ya hewa. Nikajikoroga, nikasema ameandika 'bibi apewe kofia'."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Koma hakuweza kucheka. Alikuwa amewaficha watu hawa wiki sita, kila Jumapili mama alipouliza, "Wanasemaje wachezaji wako?" alijibu, "Wanapenda, mama, wanapenda sana," na mama alikuwa anaitikia, "Ah, vizuri," huku daftari liko chini ya mto.

"Mama, pole."

"Ya nini? Nimepokea malalamiko miaka thelathini na moja. Mtu anakutukana kwa sababu mkewe anatoka damu na wewe ndiye wa kwanza kuitika. Humsikilizi anavyokuita. Unasikiliza kinachomuuma." Alilamba kidole, akafunua kurasa. "Hawa kinachowauma si kuongea sana. Wanadhani ni kuongea sana. Angalia. Huyu, 'napigwa na roboti sita yeye ananiuliza nimekula.' Huyu, 'nalenga, yeye anaanza hadithi.' Huyu, huyu, huyu. Nimewapigia mstari. Ninawasemesha wakati wana kazi mkononi."

Koma alivuta daftari. Mwandiko wa mama ulikuwa uleule wa karatasi za zamu: namba, saa, mlalamikaji, lalamiko.

"Daktari akiwa chumba cha upasuaji," mama akaendelea, "hata apige nani, humuunganishii. Unamwambia aliyepiga asubiri. Unaweka kidole hapa, kwenye kitufe cha kusubirisha." Akaonyesha kidole cha shahada kikiwa kimebonyeza meza. "Akitoka, ndipo unamwambia, daktari, kuna simu yako. Sasa mimi humo ndani naongea kama sijawahi kufundishwa kazi. Nani aliyepanga hivyo?"

"Mimi."

"Basi wana haki kabisa."

Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulimchosha Koma zaidi. Watu kumi na mmoja wenye vyeti walikuwa wamekaa na maoni hayohayo wiki sita, wakaishia kutafuta msichana mwenye sauti nyepesi.

"Wanataka kukubadilisha, mama," akasema. Lilitoka lenyewe, bila mpangilio wowote. "Wanatafuta mtu mwingine arekodi."

Dada aliacha kushona. Mama alifunga daftari, akaliweka sawasawa na ukingo wa meza.

"Sawa," akasema. "Mimi nilistaafu zamani."

Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama simu, na Koma akaelewa kwamba mtu aliyesoma maoni mia tatu na arobaini hawezi kuwa hakukutana na ule mstari. Mmoja kati ya kila kumi aliunukuu. Alikuwa amekutana nao si chini ya mara thelathini. Na amekaa nao tangu Jumanne, au tangu zamani zaidi, akimsubiri aliyeuweka humo aje kuusema.

"Kuna kingine," Koma akasema.

"Najua kipo."

"Siku ile ya mwisho. Mashine ilikuwa inawaka."

"Nilijua hivyo baada ya kuusoma. Mwanzoni nilidhani nimeota. Nikamuuliza dada yako, mimi nimewahi kukwambia neno kama hili? Akasema hapana. Nikasema basi limetoka wapi? Mtu wa mbali huko, sijui anaitwa nani, ana picha ya paka, anajua kwamba nilikuwa nasikiliza pumzi."

"Mama, watu wameupenda. Kuna mmoja amempigia mama yake..."

"Nimemsoma huyo. Nimefurahi kwa ajili yake." Sasa akamtazama. Hakuwa na hasira, na Koma alitamani angekuwa nayo. "Mistari mia sita nilikupa. Nimesoma kila ulichoandika, hata vile visivyo na maana, sijui mota ya nini, gesi ya nini. Kauli ile sikukupa. Ile uliichukua."

"Ndiyo."

"Ungeniomba."

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," mama akasema. "Ndiyo maana watu huomba."

Dada alikuwa amegeuza uso ukutani. Naye alikuwa na lake: mtoto wa miaka kumi anakumbuka zaidi ya wa sita. Lakini aliokota kitambaa chake, akaendelea kushona.

"Itoe," mama akasema. "Mengine fanyeni mnavyotaka. Mkiniweka, mkiniondoa, sawa. Hiyo itoe."

Jumatatu Koma alifika ofisini kabla ya wote. Fundi sauti alimkuta amekaa kwenye kiti chake yeye, mbele ya mashine yake.

"Nataka unisaidie mambo mawili," Koma akamwambia. "La kwanza ni zuri." Akamweleza la kidole: bibi asiongee hata neno mpaka roboti wa mwisho aanguke, kisha ahesabu pumzi nne ndipo aseme. Fundi sauti alisikiliza, akakuna kichwa, akasema hiyo si kazi hata ya siku mbili. Kufika saa nane wakawa wamejaribu sakafu ya nne. Waliwaita wenzao watatu wacheze bila kuwaambia kilichobadilika. Mmoja wao, aliyekuwa akimchukia bibi kuliko mtu yeyote pale, alimaliza sakafu akauliza, "Mmempunguza?" Hawakuwa wamepunguza hata neno.

"La pili?" fundi sauti akauliza walipobaki wawili.

Koma akamwambia. Alimweleza yote, na msalani, na taa nyekundu, na mgongo wa mama.

"Mimi ndiye niliyeacha mashine inawaka," fundi sauti akasema.

"Mimi ndiye niliyeutumia."

Koma akaufuta mchezoni yeye mwenyewe, na rekodi yenyewe kwenye hifadhi ya ofisi, jioni ile ile, jua bado liko dirishani. Kisha akatembea hatua kumi na mbili hadi kwa mkurugenzi na kumweleza alichofanya.

Mkurugenzi hakupiga kelele. Alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mezani. Ilikuwa na sahihi ya mama, ile ya herufi za kusimama. "Sauti yote itakayorekodiwa," akasoma. "Yote, Koma. Ni mali ya ofisi. Tangazo lilikuwa limeshapangwa."

"Najua."

"Watu wanakuja kwa ajili ya ule mstari. Unawanyang'anya kitu wanachokipenda."

"Hakikuwa chao. Wala changu."

"Na ofisi je? Watu kumi na mmoja?"

Koma alisimama akiwaza kwamba mkurugenzi naye hajapumzika tangu mwaka jana na ana mtoto mwenye pumu. Mkurugenzi alimwita fundi sauti kwa simu ya mezani. "Una nakala ya ule wa sakafu ya kumi na moja?"

Kwa mlango uliokuwa wazi wote wawili walimwona fundi sauti ameshika mkonga wa simu, anawatazama. Alikuwa na nakala. Alikuwa mtu wa kuweka nakala ya kila kitu, hadi ya kikohozi.

"Sina," akasema.

Mkurugenzi akarudisha mkonga taratibu. Alijua, na walijua kwamba anajua. Alirudisha karatasi kwenye droo. "Nenda nyumbani," akamwambia Koma. "Mchezo wa pili utaandikwa na mtu mwingine. Siyo adhabu. Au ni adhabu, sijui. Nimechoka, siwezi hata kufikiri."

Toleo jipya lilitoka baada ya wiki tatu. Msichana mwenye sauti nyepesi hakurekodi, kwa kuwa jaribio la sakafu ya nne lilimridhisha mkurugenzi mwenyewe. Walichofanya ni kuongeza kitufe cha kumzima bibi, kwa asiyemtaka. Tangazo likawa la bunduki na moto. Koma alirudi kwenye kiti chake kusoma, maana hiyo kazi hakuna mwingine aliyeitaka.

"Sasa hivi bibi ana adabu. Asanteni."

"Bado simpendi, nimemzima, nacheza kwa amani."

"Mmenirudishia lifti lakini begi bado vitu kumi na viwili? Serious? Mnatuonaje?"

"Sakafu ya kumi na moja mmetoa ule mstari. Nilikuwa namchezesha rafiki yangu ili ausikie. Tumekaa pale dakika tano tunasubiri. Kwa nini?"

Kulikuwa na mengi ya namna hiyo. Mia mbili siku ya kwanza, mia tatu ya pili. Waliuliza kwa upole, waliuliza kwa matusi, mmoja aliandika barua ya kurasa mbili kuhusu baba yake. Koma aliisoma hiyo barua yote, akaanza kujibu, akafuta. Hakuna alichoweza kueleza bila kuchukua tena kisicho chake. Akayatia yote kwenye fungu la mengineyo. Ijumaa akaandika ombi la likizo, mistari miwili, hakuangalia hata koma zake.

Siku tatu alilala tu. Ya nne, mama alimpigia simu: macho yanamuwasha na maandishi yanacheza tangu alipomaliza lile daftari, na dada ana nguo za harusi za watu, kwa hiyo ampeleke yeye kliniki ya macho.

Walikaa kwenye benchi la mbao, namba yao arobaini na sita, na ndani alikuwa ndiyo kwanza ameitwa wa kumi na tisa. Feni ya dari ilizunguka bila kuleta upepo. Mama alishamaliza kusalimiana na benchi zima, akajua nani ana mtoto wa jicho na nani amekuja kubadili miwani. Koma aliegemeza kichwa ukutani. Macho yalianza kujifumba.

"Baba yako alihitaji miwani," mama akasema.

Koma alifumbua macho, lakini hakugeuza kichwa.

"Alikuwa haoni mbali kabisa. Alikuwa anaona aibu kuvaa. Tukiwa njiani mtu akimpungia mkono ananiuliza kwa chini, nani yule? Namwambia fulani. Ndipo anapunga." Alitengeneza mkoba wake magotini. "Watu walimwona ana maringo. Hakuwa na maringo. Alikuwa haoni."

"Sikujua," Koma akasema.

"Ungejuaje."

Mlango wa daktari ukafunguka, muuguzi akaita wa ishirini. Mzee aliyekaa karibu na mlango akanyanyuka kwa shida, wote wakasogea nafasi moja. Mama akasogea, Koma akasogea. Alisubiri kama kuna zaidi, lakini hakuuliza, na mama alikuwa ameshamgeukia mgonjwa mpya aliyekuja kukaa pembeni yake, anamuuliza kama ametoka mbali.